Jinsi ya kuupima mpango wa kuchanganya nyuklia na jotoardhi, upepo na jua nchini Kenya

Serikali ya Kenya imekuwa ikitaja kinu cha kwanza cha nyuklia cha megawati 1,000, lengo likiwa kianze kutoa umeme mwaka 2034. Kinu hicho kinaletwa kwenye gridi ambayo tayari inategemea jotoardhi, maji, upepo na jua kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Mwongozo huu ni wa wale watakaoitwa kutoa maoni kuhusu jambo hilo: wakazi wa maeneo yanayotajwa, wajumbe wa kamati za kaunti na Bunge, waandishi wa habari, wanafunzi. Hesabu zilizomo zinafanyika kwa kikokotoo cha simu.

Mara nyingi mjadala hukwama kwenye swali la kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa nchi mahususi bila kutazama gridi yake. Kwa Kenya, jibu limejificha katika saa ambayo watu wengi wamelala.

Karatasi za kuwa nazo kwanza

Tafuta ripoti ya takwimu ya EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ambayo hutolewa kila nusu mwaka. Humo mna kilele cha matumizi, uzalishaji wa kila chanzo na mchoro wa matumizi ya saa kwa saa. Chukua pia taarifa ya mwaka ya Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, na Mpango wa Maendeleo ya Umeme wa Gharama Nafuu Zaidi, unaojulikana kwa kifupi LCPDP. Kuhusu kinu chenyewe, nyaraka ziko kwa NuPEA, wakala wa nyuklia ulioundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Usalama unasimamiwa na chombo kingine, KNRA, kilichoanzishwa na sheria yake ya mwaka huohuo. Usivichanganye viwili hivyo katika barua zako: wa kwanza kazi yake ni kuendeleza mradi, wa pili kazi yake ni kuukatalia pale unapostahili kukataliwa.

Ukinyimwa waraka, andika ombi kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taja waraka kwa jina na mwaka, na uweke tarehe. Ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Ombi la jumla la “taarifa zote za mradi” ni rahisi kuliahirisha. Ombi la “utafiti wa uthabiti wa gridi kwa kinu cha MW 1,000” ni gumu kulikwepa.

Pima saa tisa usiku kabla ya kupima kilele

Wanasiasa hutaja kilele. Mwaka 2025 kilele cha Kenya kilipita megawati 2,300, nacho hutokea jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku. Lakini kinu cha nyuklia hupendelea kukimbia kwa nguvu ileile saa 24, kwa hiyo kitakachokibana ni saa ya matumizi madogo kabisa. Usiku wa manane matumizi hushuka hadi karibu nusu ya kilele. Tuchukue megawati 1,200 kwa hesabu yetu. Wewe weka namba ya ripoti uliyonayo.

Sasa orodhesha umeme ambao tayari unadai nafasi saa hiyo. Mitambo ya jotoardhi, mingi ikiwa Olkaria, ina uwezo wa zaidi ya megawati 900. Chukulia 850 zinapatikana. Laini ya mkondo mnyoofu (DC) kutoka Ethiopia imekuwa ikileta kiasi cha 200. Halafu upepo. Shamba la Ziwa Turkana kule Loiyangalani lina mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na upepo wa bonde lile huwa mkali zaidi usiku kuelekea alfajiri. Weka 300 kwa usiku mzuri. Mabwawa ya mto Tana nayo yanahitaji angalau mashine chache zikizunguka ili kushika mzunguko wa hertzi 50, yaani kasi ya mawimbi ya umeme ambayo gridi nzima lazima iifuate, weka 100.

Jumla: 850 + 200 + 300 + 100 = 1,450.

Matumizi ni 1,200. Usiku wenye upepo tayari kuna ziada ya megawati 250 kabla kinu chochote hakijajengwa, na ziada hiyo hushughulikiwa kwa kupunguza uzalishaji. Huko Olkaria maana yake ni mvuke uliochimbwa kwa gharama kuachiliwa hewani. Ongeza kinu cha megawati 1,000 na utahitaji matumizi ya usiku ya takriban 2,450 ili kila mmoja apate nafasi, yaani maradufu ya yale ya leo.

Hapo ndipo kiini cha sera yote kilipo. Nchini Kenya nyuklia haigombani na jua. Inagombania kitanda kimoja na jotoardhi, chanzo ambacho nchi inacho yenyewe, kisichotoa moshi wa maana, na kisichongoja mvua. Sera yoyote inayosema “tutachanganya nyuklia na nishati jadidifu” bila kusema jotoardhi itafanya nini usiku haijafika kwenye tatizo.

Hatua inayofuata ni kuuliza lini usiku utakuwa maradufu. Gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji wa mwaka. Ukuaji wa asilimia 5 unahitaji miaka 14. Ili kufika katika miaka 9, yaani kutoka 2025 hadi 2034, unahitaji karibu asilimia 8 kila mwaka, na ukuaji huo uwe wa usiku, wala si wa kilele tu. Ukiona makadirio ya asilimia 8 kwenye mpango, dai majina ya wateja: kiwanda gani, kaunti gani, megawati ngapi, kina mkataba au ni nia tu. Makadirio ya miaka ya nyuma yaliyojaa reli, chuma na miji mipya yaliipa nchi mikataba ya umeme iliyotangulia wateja wake, na gharama zake zilifika kwenye bili.

Kuongeza matumizi ya usiku kunawezekana, na Kenya ina vifaa vyake tayari. Tangu Desemba 2017 wateja wa viwanda na biashara wana punguzo la saa zisizo na msongamano, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme imefuata. Mpango mzuri utaonyesha kwa namba ni megawati ngapi zitapatikana kwa pikipiki na mabasi ya umeme, pampu za maji za miji na viwanda vinavyofanya zamu ya usiku. Kuuza kwa majirani ni njia nyingine, ila hapo uwe makini: Ethiopia ina umeme mwingi wa maji wa bei ya chini, na Tanzania imemaliza bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Laini ya kilovolti 400 inayounganisha Isinya na Singida hupitisha umeme pande zote mbili. Mpango unaotegemea kuwauzia majirani lazima uonyeshe bei ambayo majirani hao hawawezi kuishinda.

Ukubwa wa kinu kimoja

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, limekuwa likitumia kipimo cha haraka: kinu kimoja kisizidi takriban asilimia 10 ya gridi. Kinu cha 1,000 kinataka gridi ya 10,000. Uwezo uliofungwa kwenye gridi ya Kenya, yaani mitambo yote ikijumlishwa, ni takriban megawati 3,200. Kwa kipimo hicho kinachofaa ni kinu cha karibu 300.

Sababu yake ni hii. Kinu kikijizima, umeme wake wote hutoweka kwa sekunde moja, na mitambo iliyobaki lazima izibe pengo kabla mzunguko haujaanguka. Kenya ina mfano wake yenyewe. Asubuhi ya 6 Septemba 2024 laini ya Loiyangalani ilikatika kwenye kituo cha umeme cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288, kisha laini ya Ethiopia nayo ikajitoa ikiwa na 200. Jumla 488, zaidi kidogo ya robo ya umeme uliokuwa ukizalishwa, na sehemu kubwa ya nchi ikazima. Kinu cha 1,000 ni zaidi ya mara mbili ya pengo hilo.

Usiishie kwenye asilimia 10 ya uwezo uliofungwa. Rudia hesabu kwa usiku: kinu cha 300 dhidi ya matumizi ya 1,200 ni asilimia 25, karibu sawa na lile pengo la Septemba. Kwa hiyo hata kinu kidogo kinahitaji akiba. Uliza ni megawati ngapi za betri zitakazojibu ndani ya sekunde moja, na kwa muda gani. Kwa kinu cha 300, betri ya megawati 300 inayodumu nusu saa hadi saa moja inatosha kuyapa mabwawa ya Gitaru na Kiambere ya mto Tana nafasi ya kupandisha mitambo yake, mradi maji yamo. Mwaka wa ukame hesabu hiyo huharibika, kwa hiyo dai ifanywe kwa kiwango cha maji cha mwaka mbaya.

Linganisha na Umoja wa Falme za Kiarabu, mahali ambapo Waswahili wengi wamefanya kazi na wanapajua. Kituo cha Barakah kina vinu vinne vya megawati 1,400 hivi, cha mwisho kikianza kazi ya kibiashara Septemba 2024, na vinatoa takriban robo ya umeme wa nchi hiyo sambamba na mashamba makubwa ya jua kama Al Dhafra. Mchanganyiko unafanya kazi pale kwa sababu kinu kimoja hakifiki asilimia 5 ya uwezo wa gridi, na viyoyozi havilali. Kunakili sera ya Abu Dhabi bila gridi ya Abu Dhabi ni kosa la hesabu.

Ukiambiwa jawabu ni vinu vidogo vya kisasa, uliza ni kipi hasa, na kinazalisha umeme wapi leo. Urusi ina kituo kinachoelea cha Pevek chenye vinu viwili vya megawati 35, kinachofanya kazi tangu 2020. China ina kile cha Shidaowan, takriban megawati 200, kilichoingia kazini kibiashara Desemba 2023. Marekani, mradi wa NuScale uliokusudiwa kujengwa Idaho ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei yake kupanda. Orodha ya vinavyofanya kazi ni fupi, na nchi ya kwanza kununua aina mpya hulipia masomo ya wengine. Nafasi nzuri kwa Kenya ni ya mnunuzi wa kinu cha tatu au cha nne cha aina moja.

Gridi inapozima, kinu hubaki na moto wake

Hoja hii huachwa nje ya vipeperushi, ilhali ni ya usalama moja kwa moja. Kinu cha megawati 1,000 za umeme kina takriban 3,000 za joto. Kikizimwa, mabaki ya mpasuko wa atomi huendelea kutoa joto: kama asilimia 6 mara moja, yaani karibu megawati 180, baada ya saa moja asilimia 1.5, yaani 45. Baada ya siku nzima bado karibu nusu asilimia. Joto hilo lazima liondolewe kwa pampu, na pampu nyingi zinataka umeme. Fukushima Daiichi, Japani, mwaka 2011 vinu vilizimika ipasavyo kwa tetemeko. Kilichoviangamiza ni kukosa umeme wa kupozea baada ya tsunami.

Kwa hiyo kwenye mpango tafuta vitu vitatu: laini mbili za gridi zinazofika kwa njia tofauti, zisizopitia kituo kimoja cha kupunguza msongo wa umeme, jenereta za dizeli zilizo mahali pa juu kuliko mafuriko yanayotarajiwa, zikiwa na mafuta ya siku kadhaa, na aina ya kinu kinachoweza kujipoza bila umeme kwa saa 72 au zaidi. Kisha hesabu ni mara ngapi gridi ya taifa imezima nchi nzima katika miaka mitano iliyopita. Kila mzimo mmoja ni jaribio la mifumo hiyo. Kuna hasara ya ziada pia: kinu kilichozima ghafla hujaa gesi ya zenoni inayomeza nyutroni, chembe zinazoendesha mpasuko, na huenda kisiweze kuwashwa kwa siku moja au mbili. Hospitali zitangoja mitambo mingine.

Laini huja kabla ya mtambo. Hilo Kenya ilijifunza kwa fedha zake: mitambo ya upepo ya Turkana ilisimama tayari mwaka 2017, laini ya kilomita 428 hadi Suswa ikakamilika 2018 baada ya mkandarasi wa kwanza kufilisika, na mlipa kodi akatozwa mabilioni kwa umeme ambao haukuweza kusafiri. Kwa kinu cha nyuklia faini ya aina hiyo ingekuwa kubwa zaidi mara nyingi.

Bei: badilisha namba moja uone

Chukua dola 6,000 kwa kilowati kuwa bei ya kujenga. Si ya juu kupita kiasi. Kituo cha El Dabaa nchini Misri kimetajwa kuwa karibu dola bilioni 30 kwa megawati 4,800. Kinu chetu basi ni dola bilioni 6. Ujenzi wa miaka minane kwa riba ya asilimia 7 huipandisha hadi karibu bilioni 7.9 siku ya kuwasha, kwani riba hulipwa hata kabla ya umeme wa kwanza. Kulipa deni hilo kwa miaka 30 ni kama dola milioni 634 kwa mwaka.

Kinu kikifanya kazi kwa asilimia 90 ya uwezo wake hutoa gigawati-saa 7,884 kwa mwaka. Gawanya: senti 8 za dola kwa kila kilowati-saa, kabla ya fueli, wafanyakazi na matengenezo. Sasa kipunguze hadi asilimia 60 kwa sababu usiku hakuna wa kununua. Uzalishaji unakuwa 5,256, na deni peke yake linafika senti 12. Hakuna kilichovunjika, bei imepanda kwa nusu kwa sababu ya saa tisa usiku tu.

Watetezi watakwambia vinu vya kisasa vinaweza kupunguza nguvu, na ni kweli. Ufaransa hufanya hivyo kila siku. Kifundi inawezekana. Kifedha deni halipungui na nguvu.

Ongeza miaka mitatu ya kuchelewa uone tena. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza kujengwa 2005 ikitarajiwa 2009, ikaanza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023. Vinu viwili vipya vya Vogtle, jimbo la Georgia, Marekani, vilipita dola bilioni 30 kwa megawati 2,200 hivi. Hizo ni nchi zenye uzoefu wa miongo ya nyuklia.

Ndani ya mkataba angalia: nani analipa ikichelewa, kama Kenya Power italazimika kulipia umeme hata usipochukuliwa, mkopo ni wa sarafu gani, maana bili hulipwa kwa shilingi, na kama Hazina imeweka dhamana. Halafu fungu la kuvunja kinu kikizeeka na la fueli iliyotumika, ambayo ni tani 20 hadi 25 kila mwaka kwa kinu cha ukubwa huu. Fedha hizo zikatwe kwenye kila kilowati-saa kuanzia siku ya kwanza na ziwekwe kwenye akaunti isiyoguswa na bajeti ya serikali. Usikubali maneno “itapangwa baadaye”. Wala usishawishiwe na hoja kwamba Afrika Mashariki ina urani yake, kama ile ya Mto Mkuju huko Namtumbo: madini ghafi lazima yarutubishwe na kutengenezwa kuwa fueli, kazi ambayo hufanywa na nchi chache tu.

Maji ya kupozea

Uyombo, Kilifi, palipendekezwa na pakapingwa kwa maandamano mwaka 2024. Baadaye macho yakaelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Popote kitakapowekwa, hesabu ni moja. Megawati 1,000 za umeme huacha 2,000 za joto la kutupa. Ukitumia maji yanayopita mara moja na kuyaruhusu yapande nyuzi 10, unahitaji karibu mita za ujazo 48 kila sekunde, au zaidi ya 170,000 kwa saa. Kwa Uyombo, uliza maji hayo ya moto yangeelekea wapi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na yangefanya nini kwa mikoko ya Mida na matumbawe ya Watamu. Kwa ziwa, uliza kuhusu magugu-maji kuziba mdomo wa bomba na kuhusu mazalia ya samaki. Minara ya kupozea hupunguza maji yanayovutwa mara nyingi sana, lakini huongeza gharama na maji yanayopotea kama mvuke. Ripoti ya mazingira isiyotaja mita za ujazo kwa sekunde irudishwe.

Mahali pa kuweka milango

Sera nzuri ya mchanganyiko haitangazi mwaka. Inaweka masharti, na kila sharti likitimia mlango mmoja unafunguka. IAEA ina mfumo wa awamu tatu na mambo 19 ya maandalizi, unaochukua kwa kawaida miaka 10 hadi 15. Kenya ilikaguliwa 2015 na kufuatiliwa 2021. Tumia mapendekezo ya ukaguzi huo kuuliza lipi limefungwa na lipi bado. Kwa maoni yetu milango ya Kenya inapaswa kuwa hii: hakuna mkataba wa ujenzi kabla matumizi ya chini ya usiku hayajafika kiwango kilichoandikwa kwenye sera, hakuna saruji kabla laini ya pili haijawashwa, hakuna kinu kinachozidi pengo ambalo gridi imethibitisha kulibeba kwa jaribio. Wakati milango inangojwa, fedha ziende kwenye betri, uimarishaji wa laini na visima vya mvuke, kwa kuwa hivyo vinahitajika kinu kije kisije.

Ukiandika maoni, weka hoja tatu au nne tu, kila moja na namba yake, ukurasa wa waraka ilikotoka, na badiliko unalotaka lifanywe kwenye kifungu gani. “Jedwali la matumizi halionyeshi kiwango cha chini cha usiku; tunaomba liongezwe kwa miaka 2026 hadi 2040 pamoja na kiasi cha jotoardhi kitakachopunguzwa” ni sentensi ambayo kamati italazimika kuijibu. Peleka nakala mbili kabla ya siku ya mwisho iliyo kwenye tangazo, na ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.